Safari ya London Kumwona Mtoto Mkulima

Februari 2018 nilipanda treni ya asubuhi kutoka Leicester hadi kituo cha St Pancras, London, nikiwa na nia moja tu ya kumwona mtoto aliyechorwa na Amedeo Modigliani, ambaye kwa miaka mingi nilimfahamu kwa picha ya kitabuni iliyotosha kufunikwa kwa kiganja. Karibu na kanisa la St Paul's nilivuka daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya mto Thames, upepo ukinichoma masikio, nikaingia Tate Modern, jumba la sanaa la matofali ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme, na ambamo wakati huo kulikuwa na maonyesho ya kazi za Modigliani.

Watu walisongamana kwenye picha za wanawake walio uchi, nikapita upesi. Nilichokitafuta kilikuwa mbele, miongoni mwa kazi za kusini mwa Ufaransa. Modigliani, mzaliwa wa Livorno, aliondoka Paris mwaka 1918, mizinga ya Wajerumani ilipokuwa ikiufikia mji huo, akaenda kusini pamoja na mpenzi wake Jeanne Hébuterne, ambaye alikuwa mjamzito. Huko hapakuwa na watu waliozoea kuketi mbele ya mchoraji kwa ujira kama Paris, basi akawakalisha watoto na watumishi wa maeneo yale.

Mtoto Mkulima ameijaza turubai yenye kimo cha mita 1. Amevaa kofia, mashavu yamemwiva wekundu, viganja vimekutana mapajani, na macho yake ya samawati hayana mboni. Ndivyo tulivyokalishwa sisi Tanga siku ya kupigwa picha ya Idi, mgongo wima na mikono imekosa pa kwenda. Mkao wake mzito unakumbusha wakulima waliochorwa na Mfaransa Paul Cézanne, ila rangi hapa ni nyepesi, kama iliyopakwa kwa kuhofia kumwamsha. Wachoraji wengi humchora mtoto maskini ili tumhurumie. Modigliani amempa nafasi ile ile aliyowapa marafiki zake watu wazima, na kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote zilizokuwa katika vyumba vile.

Baada ya miaka isiyotimia 2, Januari 1920, mchoraji alifariki akiwa na umri wa miaka 35. Nilisoma tarehe hiyo ukutani, nikarudi mara ya tatu kuvitazama vile viganja, hadi saa ya treni yangu ilipokaribia.