Ninavyovisha kichwa cha kauri kwenye shina la nyonga bandia

Kwa mgonjwa mwenye umri mdogo, hasa mwenye selimundu ambaye kichwa cha fupa lake la paja kimekufa kwa kukosa damu, napendelea kichwa cha kauri kinachozunguka ndani ya bitana ya polietilini, yaani plastiki inayowekwa kwenye kikombe cha nyonga. Uso wa kauri haukwaruziki kirahisi, kwa hiyo huisaga plastiki polepole kuliko chuma, na mtu huyo ana miaka mingi ya kutembea mbele yake. Lakini chuma hupinda kabla ya kuvunjika. Kauri huvunjika tu.

Natumia ile ya rangi ya waridi. Ni mchanganyiko wa aina mbili za kauri: karibu asilimia 82 ni alumina, asilimia 17 ni zirkonia, na rangi inatokana na kromi kidogo. Ufa ukianza, chembe za zirkonia zilizo njiani hubadili muundo, hutanuka kwa takriban asilimia 4 na kuubana. Zirkonia tupu siitumii. Hiyo hubadilika hivyohivyo ikikutana na mvuke wa moto, hata pasipo ufa, na uso wake huharibika. Mwaka 2001 vichwa vya zirkonia kutoka Ufaransa viliondolewa sokoni kwa kuvunjika ndani ya wagonjwa, baada ya kiwanda kubadili aina ya tanuri mwaka 1998.

Kabla pakiti haijafunguliwa, nasoma lebo mbili kwa sauti: ya shina, yaani chuma kinachoingia ndani ya fupa la paja, na ya kichwa. Maandishi "12/14", kipimo cha koni, yaani ncha ya shina inayoingia kwenye tundu la kichwa, hayatoshi. Koni za kampuni mbili zinaweza kuandikwa hivyo zote zikatofautiana pembe, urefu au ukali wa uso, na tofauti ndogo tu hufanya kichwa kikae kwenye ukingo mmoja badala ya kushika pande zote. Urefu wa shingo naupima kwa kichwa cha majaribio cha plastiki. Kile cha kauri hakijaribiwi.

Kisha naisafisha koni, na hapa siharakishwi na mtu. Naiosha kwa maji ya chumvi, naikausha kwa shashi kavu, naizungusha kidole kuisikia, halafu naangalia ndani ya kichwa vilevile. Kauri huvumilia sana kubanwa, ila haivumilii kuvutwa, na koni inapoingia huusukuma ukuta wa tundu kwenda nje, yaani huuvuta. Mzigo ukienea sawa, ukuta unahimili. Kipande cha mfupa au uzi wa shashi ukibaki katikati, nguvu yote huangukia nukta moja, na ufa huanzia hapo, pengine miezi kadhaa baadaye. Damu nayo hupunguza mshiko, kichwa kikabaki kinacheza.

Nakiweka kwa mkono, nakizungusha taratibu kikishuka mpaka kishike. Kigongeo chenye ncha ya plastiki nakielekeza sawa na mhimili wa shingo, napiga pigo moja imara. Nyundo ya chuma haikigusi kabisa. Kisha navuta kwa mkono kuhakikisha.

Kikidondoka sakafuni, kinatupwa hata kama hakuna alama, kwani ufa wa kuanzia hauonekani kwa macho. Kilichokwisha kugongwa kikavuliwa hakirudi. Sikitakasi upya kwa mvuke ila maelekezo ya mtengenezaji yakiruhusu. Kikitakaswa, kinaachwa kipoe chenyewe, hakitumbukizwi kwenye maji baridi.

Shina la zamani likibaki ndani wakati wa upasuaji wa marudio, koni yake ina makovu. Hapo natumia kichwa maalumu chenye ala ya titani ndani, inayokaa kati ya koni na kauri; koni ikiwa imeharibika sana, shina linatoka.

Kauri ikivunjika mwilini, naondoa vipande vyote ninavyoviona pamoja na utando wa kiungo, kisha naweka kichwa kipya cha kauri. Kichwa cha chuma cha kobalti-kromi hapo ni hatari kubwa: chembe za kauri zilizobaki hujikita kwenye plastiki, hukisaga chuma, kobalti huingia kwenye damu na kuweza kuharibu moyo, macho na masikio. Mgonjwa akija na nyonga ya namna hiyo analalamika kusikia vibaya au kuchoka, napima kobalti kwenye damu kabla ya kumpa miadi nyingine.