Siku yangu na nyundo kwenye miteremko ya Lushoto

Nikiulizwa kazi yangu huwa nasema "fundi sampuli" na kuishia hapo. Nikisema natafuta masalia ya mabomu ya nyuklia kwenye udongo wa Usambara, nusu ya watu wanasogea pembeni, nusu wanauliza kama kuna madini. Leo niwape siku nzima.

Saa 11 alfajiri. Baridi ya huku haina adabu. Chai, chapati, kupakia bomba la chuma, nyundo kubwa, mifuko na GPS. Saa 1 tuko njiani, mimi, dereva na kibarua.

Saa 3. Tunapanda kwa miguu, kwa hiyo nina muda wa kueleza. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu yao hewani. Vumbi lilipanda juu kabisa, likazunguka dunia, likashuka na mvua, hata huku kwetu. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Sovieti wakasaini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, na kilichokuwa kikishuka kikapungua. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na sesiamu-137, chembechembe zinazotoa mionzi. Ikikuta udongo wa mfinyanzi hunasa humo, maji peke yake hayaing'oi. Husafiri pale tu udongo wenyewe unaposafiri. Shamba lenye sesiamu pungufu limeliwa na mvua, na bonde lenye ziada limepokea udongo wa jirani. Unapata mmomonyoko wa miaka sitini bila kukaa miaka sitini chini ya mteremko na ndoo.

Ila "pungufu" kuliko nini? Lazima kwanza upate mahali tambarare, penye nyasi, ambapo jembe halijagusa tangu vumbi lile lishuke. Lushoto! Huku watu wanalima mpaka ukingoni mwa barabara.

Saa 4. Uwanja nyuma ya shule ya zamani. Tambarare, nyasi safi, ruhusa ya kijiji tunayo. Nimepiga nyundo mara chache tu, akatokea mzee na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnachimba nini?"

"Udongo tu, mzee. Wa kupima."

"Udongo." Akaangalia bomba, akaniangalia mimi. "Kijana, Mjerumani alikaa hapa, mji wa Lushoto akauita Wilhelmstal, akaondoka mbio. Mnadhani hatujui alichoacha?"

Wanaochimba chimba nchi hii wanajua: ukionekana na chombo cha ajabu, wewe unatafuta mali ya Mjerumani. Nikamwaga mfuko wa sampuli akague. Haukumtosha. Akaitwa mwenyekiti wa kitongoji, akaja na watu wake, akasoma barua yenye mhuri mwanzo hadi mwisho, kisha akasema barua inataja udongo, haitaji bomba. Nikaeleza bomba. Mama mmoja akauliza kama hiyo mionzi tunaitoa au tunaiweka. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Nikamwambia hatuweki kitu, na kwamba potasiamu ya asili iliyomo kwenye udongo huohuo anaolimia viazi inatoa mionzi mingi kuliko sesiamu yote tunayoitafuta. Jua limepanda, kibarua amelala chini ya mti, na mimi bado naeleza.

Mzee alikuwa amekaa kimya kwenye jiwe. Ghafla: "Kwa hiyo mnataka mahali pasipolimwa?"

"Ndiyo mzee. Tangu 1963."

"Basi si hapa. Hapa lilikuwa shamba la shule, Elimu ya Kujitegemea. Nimelima mwenyewe, mahindi na maharage, mwalimu nyuma na kiboko."

Ramani hazikusema, picha za setilaiti hazikusema. Nilikasirika, na papo hapo nikatamani kumkumbatia. Jembe likishachanganya udongo, kipimo cha hapo kingepotosha hesabu ya mteremko mzima.

Akatuongoza mwenyewe hadi kwenye nyasi nyuma ya kanisa la juu, akatuombea ruhusa kwa mchungaji. Alipanda bila kuhema. Mimi nilihema.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Bomba linazama sentimita 30 kwa kupigwa, halafu halitaki kutoka. Udongo unakatwa vipande vya sentimita mbili mbili, kila kimoja mfuko wake na lebo yake, mikono inatetemeka mpaka namba hazisomeki. Pasipolimwa, sesiamu hujaa karibu na juu na kupungua kadiri unavyoshuka; palipolimwa, imesambaa sawa hadi jembe linapofika. Kwa hiyo hata bomba la shuleni sikulitupa. Maabara itasema kama mzee anakumbuka vizuri, ingawa mimi nimeshaamua.

Jioni, kushusha mizigo kwa bodaboda, kupima uzito, kuandika. Baadaye ni kukausha, kuchekecha, na foleni ya mashine ya kupima mionzi, inayopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kusini mwa ikweta vumbi lilishuka kidogo kuliko kaskazini, na sesiamu hufifia yenyewe kadiri miaka inavyopita: kati ya iliyoshuka mwaka 1963 imebaki pungufu ya robo, kwa hiyo mfuko mmoja unaweza kukaa humo siku nzima.

Kesho tunaanza mteremko wenyewe. Mzee amesema atakuwepo, na tusije bila sukari.