Zamu ya Bronia

Juzi binti yangu alikuwa na kazi ya kemia, akainua kichwa: "Mama, kwani Marie Curie si Mfaransa?" Nikamwambia mwanasayansi huyo ni Maria Skłodowska, mtoto wa Warsaw, Polandi, na ghafla nikaikumbuka ile asubuhi ya mtaa wa Wawelska mjini humo, nilipokuwa kozini.

Ilikuwa Novemba, baridi ya kukata masikio. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima aliyefundisha botania, alikuja kunitoa hosteli. Njia nzima alimzungumzia Gabriela Balicka, mwanabotania mwenzake. Enzi za utawala wa Urusi Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake, basi Balicka akaenda kutafuta shahada yake ya uzamivu Geneva. Polandi iliporudi kwenye ramani mwaka 1918, baada ya miaka 123 ya kutawaliwa na wageni, amri ya tarehe 28 Novemba ikawapa wanawake haki ya kupiga kura na kugombea. Mwaka uliofuata Balicka akaingia bungeni, Sejm, akakaa humo hadi 1935. Katika bunge lile la kwanza walikuwamo wanawake wanane, na yule mama aliwataja kama mtu anayetaja shangazi zake: Kosmowska, Dziubińska, Moraczewska, Sokolnicka…

Tukafika kwenye sanamu ya Maria. Aliichonga mwanamke, Ludwika Nitschowa. Mwenyeji wangu akaninyooshea kidole: vishimo. Risasi za 1944, Warsaw ilipoinuka kupigana na Wajerumani. Vita vilipokwisha, sanamu ilipotengenezwa, iliamuliwa vishimo visizibwe. Nilivitazama kimoja kimoja, upepo ukinitoa machozi, naye akawa ananisimulia habari za ndugu wawili. Maria alikwenda shamba, Szczuki, kufundisha watoto wa tajiri, akawa anamtumia pesa dada yake Bronisława, au Bronia, aliyekuwa akisomea udaktari Paris. Bronia alipofuzu, ikawa zamu yake kumpokea mdogo wake. Mwaka 1891 Maria akapanda treni. Tuzo mbili za Nobel zikafuata, 1903 na 1911.

Hapo machozi hayakuwa ya upepo tena. Dada yangu aliishia Kidato cha Pili, akaingia kwenye mitumba ili mimi nimalize shule.

Nikampigia palepale. Alikuwa sokoni, namsikia anapunguza bei ya shuka. Nikamweleza yote, mbiombio, salio lisije likakatika. Akasikiliza, kisha akauliza: "Na huyo Bronia, naye wamemchongea?"

Nikamwambia Maria alipoanzisha Taasisi ya Radiamu, ya kutibu saratani, hapo Warsaw, mwaka 1932, mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Bronia.

"Afadhali," akasema. Kisha: "Mdogo wangu, umevaa sweta?"

Kozi niliimaliza, kazi nikapata. Nimemwambia dada mara nyingi arudi shule, ada juu yangu. Anasema pesa hiyo nimwekee bintiye, na bado hatujakubaliana.