Gari Lilinuka Sharubati

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza kule Kinoo kama ilivyo desturi ya msimu huo, niliwasha hita ya gari, na papo hapo mwanangu aliyeketi nyuma akauliza ni nani aliyemwaga juisi. Hakukuwa na juisi. Kulikuwa na harufu tamu, nzito kidogo, mfano wa sharubati iliyosahauliwa jikoni, ikitoka kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Tulipofika Kangemi sikuisikia tena, nikajiambia kwamba imekwisha. Kumbe pua ya mtu huizoea harufu kwa dakika chache tu, nami nikawa nimeiamini pua iliyochoka badala ya ile iliyonusa wakati nafungua mlango.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba erikondishna imeota ukungu. Simlaumu sana, kwa sababu jambo hilo hutokea, ila harufu ya ukungu hufanana na kitambaa cha vyombo kilicholala na maji, wala haina utamu wowote. Alibadilisha filta ya hewa iliyo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, akaning'iniza manukato kwenye kioo, nikarudi nyumbani na gari linalonuka sharubati na waridi kwa pamoja.

Ushahidi wenyewe nilikuwa ninao mkononi kila Jumamosi. Chupa ya maji ya rejeta ilikuwa ikipungua, nami nilikuwa nikiijaza maji ya bomba bila kujiuliza yale ya awali yamekwenda wapi. Kila nilipoongeza maji, harufu ilififia, nikadhani gari linapona, kumbe nilikuwa ninazimua dawa ya rejeta, ile inayochanganywa na maji ya kupoza injini, hadi ikakosa nguvu ya kunukia. Dawa hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa ethilini glikoli, kemikali tamu lakini yenye sumu kali, na ndiyo sababu mtu asiiache sakafuni mahali penye watoto au mbwa.

Mzee mmoja wa Kirinyaga Road ndiye aliyenitoa gizani, na wala hakuanza kwa kufungua boneti. "Mama, harufu hiyo unaisikia lini?" aliniuliza. "Hita ikiwa imewashwa au imezimwa? Gari likitembea au likisimama?" Nilipomjibu, aliinama ndani, akapitisha kidole kwenye kioo cha mbele upande wa ndani, akanionyesha ncha yake iking'aa kwa utelezi. Kisha akainua zulia la upande wa abiria, akabonyeza sponji iliyo chini yake, na majimaji ya kijani yaliyopauka yakachuruzika kati ya vidole vyake. Ndani ya dashibodi, alinieleza, kuna rejeta ndogo ya hita ambamo maji moto ya injini hupita ili kuipasha hewa inayoingia ndani ya gari, nayo yangu ilikuwa imetoboka.

Kwa gharama ndogo angeweza kuiunganisha mipira miwili ya maji upande wa injini ili maji yasipite tena kwenye hita. Nilikubali afanye hivyo kwa wiki mbili tu, nikitafuta fedha. Mkazi wa Mombasa anaweza kuishi hivyo miaka yote, lakini anayepanda Limuru alfajiri, ukungu ukiwa umetanda barabarani, huihitaji hewa ya moto ili kioo kisimzibe macho. Wala kuvuja kwenyewe si jambo la kuahirisha kwa muda mrefu, kwa sababu Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako maji matupu katika sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Mgandamizo unaohifadhiwa na mfuniko wa rejeta ndio unaoyazuia kuchemka mapema, na mfumo unaovuja huupoteza mgandamizo huo. Injini ikipata joto kupita kiasi, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na sehemu yake ya chini, huweza kuungua. Naongeza hapa, ingawa kila dereva ameambiwa, kwamba mfuniko huo haufunguliwi injini ikiwa moto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia maswali ya mzee kwa kila harufu. Oili inayodondoka juu ya bomba la moshi kutoka kwenye gasketi iliyochakaa huunguza pua zaidi gari likisimama kwenye taa, kwa kuwa hakuna upepo wa kuupeperusha moshi wake. Harufu kali ya breki baada ya kuteremka barabara ya Mai Mahiu humaanisha, mara nyingi, kwamba dereva alikanyaga breki njia nzima badala ya kushuka kwa gia ndogo. Lakini ikitokea kwenye barabara tambarare, nami nikikaribiza kiganja bila kugusa nasikia gurudumu moja lina joto kuliko mengine, hapo kalipa, kifaa kinachobana breki, imekwama. Harufu ya mayai viza huashiria salfa: ama injini inachoma petroli nyingi mno na kulemea kifaa cha kusafisha moshi, ama betri inachajiwa kupita kiasi. Mita ya umeme huamua haraka, kwani altaneta nzima, kifaa kinachochaji betri, hutoa takriban volti 13.8 hadi 14.5 injini ikiwaka.

Petroli sina subira nayo. Nikiisikia nikiwa njiani, na sikuwa nimetoka kujaza tangi muda huo huo, naegesha, nazima injini, natoka. Moshi unaoingia ndani ya gari ni hatari zaidi, kwa maana gesi ya sumu ya kaboni monoksidi iliyomo haina harufu kabisa, na dalili yake ya kwanza huweza kuwa kichwa kuuma. Kabla ya hayo yote, hata hivyo, mimi hufunga tundu la hewa ya nje, kwani nimewahi kusimama kando ya Mombasa Road nikitafuta waya ulioungua, ilhali jirani wa barabara alikuwa anachoma takataka.

Rejeta mpya ya hita ilimlazimu mzee kung'oa dashibodi yote, kazi ya siku mbili. Zulia lilichukua wiki tatu kukauka, na hadi leo nikiliacha gari juani pale Westlands huku madirisha yamefungwa, utamu hafifu bado hunipokea mlangoni. Hapo hufungua boneti kwanza, naangalia chupa. Maji yapo kwenye mstari, naondoka.