Tulivyorekodi zilipendwa kumchangia mzee wetu wa tarumbeta

Kusafisha damu hakuna likizo. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hukaa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, na akikosa zamu miguu inavimba na pumzi inambana. Mzee wetu wa tarumbeta aliingia kwenye ratiba hiyo baada ya kupiga muziki wa dansi zaidi ya miaka thelathini. Tarumbeta lake limesikika redioni nchi nzima, lakini kadi ya bima hana. Wanawe ndio waliokuwa wakilipa, na waliposikika wameuza kiwanja chao cha Chanika ndipo sisi wa bendi tulipojua hali imefika wapi.

Mimi napiga gitaa la besi hapa Kinondoni. Naandika kwa ajili ya wanamuziki wenzangu, maana kila mara kuna mmoja wetu anayeugua na kila mara tunakimbilia daftari la michango. Daftari limezoeleka mno. Unalipitisha, watu wanaandika elfu tano, elfu kumi, wengine wanaweka ahadi, na baada ya hapo kimya. Tulitaka kitu ambacho mtu atakitafuta mwenyewe na kumtumia mwenzake. Tukaamua kurekodi upya nyimbo za zamani, zile ambazo mzee mwenyewe alizipiga enzi zake, na kuzitumia kuchangisha. Mzee aliridhia kwa sharti moja: asipigwe picha akiwa kwenye mashine. Sharti hilo tulilishika mpaka leo.

Kwa nini nyimbo za zamani na si wimbo mpya wa kumwombea? Wimbo mpya unahitaji muda mpaka watu waushike. Zilipendwa watu wanazo tayari vifuani. Sisi tunaopiga kopi, yaani nyimbo za wengine, kwenye kumbi tunalijua hili: ukigusa tu utangulizi wa gitaa wa wimbo wa miaka ya sabini, wazee wanaacha vinywaji mezani, wanainuka, na wakifika mbele ya jukwaa wanatutunza noti. Wenzetu Uingereza walifanya hivyo hivyo baada ya moto wa jengo la Grenfell mjini London, Juni 2017. Wasanii zaidi ya hamsini walikusanyika wakaimba upya wimbo ambao kila mtu alikuwa anaujua, na ndani ya siku chache ukashika nafasi ya kwanza kwa mauzo. Fedha zikaenda kwa waathirika.

Halafu likaja swali lililotuchukulia muda mwingi kuliko kurekodi kwenyewe. Nyimbo hizi ni za nani?

Bendi nyingi kubwa za miaka ile zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza yao, JKT yao. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya kampuni ya teksi, na mwaka 1983 ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Wanamuziki wa bendi hizi walikuwa waajiriwa wa mshahara. Waliingia studio ya Radio Tanzania, wakapiga wote kwa pamoja, wakarekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo, wakaondoka. Redio ikazipiga miaka nenda miaka rudi na mtunzi akaendelea na mshahara wake ule ule. Leo ukiuliza wimbo fulani ni wa nani, mwajiri wa zamani ana jibu lake, watoto wa mtunzi wana lao, na wapigaji waliobaki hai wana lao.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ndiyo kusema nyimbo za Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki 1965, muda wake wa kulindwa umeshapita. Za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, bado zina wenyewe. Sisi tulizozitaka zote zilikuwa za kundi hili la pili.

Mpiga solo wetu alishauri tusihangaike. Alisema hii ni kazi ya huruma, nani atatushitaki kwa kumwokoa mgonjwa? Wenzangu wengi walikuwa upande wake. Mimi nilisimama nikasema mzee tunayemchangia yuko katika hali hii kwa sababu watu walitumia kazi yake miaka yote bila kumlipa, kwa hiyo hatuwezi kumtibu kwa jasho la mtunzi mwingine ambaye mjane wake naye anahangaika na kodi ya nyumba. Tukiimba bila ruhusa tutakuwa tumemvua mmoja ili tumvike mwingine. Tulibishana sana jioni ile. Mwishowe tukakubaliana: wimbo usiopatikana mwenyewe haurekodiwi.

Tukachagua nyimbo tatu. Mtunzi wa kwanza yuko hai, anaishi Morogoro. Tulimpigia simu, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chukueni wanangu, lakini ubeti wa tatu msiuache. Redioni muda uliisha, ukakatwa. Watu wote wanaimba wimbo nusu." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama upo ubeti wa tatu! Akautuma kwa sauti kwenye WhatsApp, akiimba mwenyewe, jogoo anawika nyuma yake. Ni ubeti mzuri kuliko mingine yote, ndio unaoeleza kwa nini yule bwana wa kwenye wimbo alihama mji. Ubeti huo ndio uliokuja kutuletea watu wengi kuliko tangazo lolote tulilotengeneza. Mashabiki walikuwa wanatumiana na kuambiana sikiliza, kuna maneno hujawahi kuyasikia.

Wimbo wa pili mtunzi wake ni marehemu. Mjane wake anaishi Mbagala. Tulikwenda watatu, tukabisha hodi, tukamwamkia shikamoo mama. Aliitikia marahaba, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani amefariki?" Alisema tangu amzike mumewe, wanamuziki hawajawahi kufika kwake ila kuleta taarifa ya msiba.

Tulikaa mkekani tukamweleza. Karatasi yetu ya ruhusa ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi: jina la wimbo na la mtunzi, tunataka kuufanyia nini, fedha za michango zinakwenda kwa nani, ruhusa ni ya muda gani, na kama wimbo utaingiza chochote mtandaoni familia ya mtunzi inapata kiasi gani. Tulikuwa tumeandika moja ya tano. Mama akamwita mwanawe mkubwa aisome kwa sauti, mstari kwa mstari. Ilipofika moja ya tano akasema iandikwe theluthi. Tukakata, tukaandika theluthi, tukatia saini pale pale na mjumbe wa mtaa akashuhudia. Nakala moja ikabaki kwake. Nilimheshimu sana kwa hilo. Alijua thamani ya kazi ya mumewe kuliko sisi tuliokwenda kuiomba.

Wimbo wa tatu tuliuacha. Taasisi iliyomiliki bendi na watoto wa mtunzi hawakuafikiana, na haikuwa kazi yetu kuwaamulia.

Studio tulipewa saa za usiku kwa bei ya chini. Prodyuza ni kijana wa Bongo Fleva, mkali wa kompyuta, na wazo lake la kwanza lilikuwa kukata tarumbeta la mzee kutoka kwenye rekodi ya zamani na kulibandika kwenye wimbo wetu. Ni wazo linalovutia, lakini hapa wengi wanachanganya mambo. Utunzi ni kitu kimoja na rekodi ni kitu kingine. Ruhusa ya mjane inatupa utunzi, yaani maneno na mahadhi, tuupige kwa mikono yetu. Ule mkanda ni wa redio. Ukitaka hata sekunde tatu za mkanda unaanza safari nyingine ya barua. Tukaamua tupige kila kitu upya, tumba, drums, besi, rithimu na solo ndani ya chumba kimoja kwa wakati mmoja kama walivyofanya wazee, halafu waimbaji waingize sauti baadaye.

Tarumbeta akapewa kijana wetu mmoja anayesoma noti vizuri sana. Mzee tulimleta siku ambayo hana zamu ya mashine. Mkono wake wa kushoto una mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili upokee sindano za mashine. Ukiuwekea kidole unausikia unatetema. Mkono huo haruhusiwi kubeba uzito, na mkono wa kushoto ndio unaobeba tarumbeta. Basi alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kijana, akaanza kumwimbia mstari kwa mdomo, pa-ra-paa, pa, huku vidole vya kulia vikibonyeza hewani. Kijana akapiga. Mzee akamkatisha. "Umejaza mno. Mwache mwimbaji amalize neno lake, ndipo uingie. Na usiingie pamoja na ngoma, kaa nyuma yake kidogo." Kijana akarudia, akakatishwa tena. Waliendelea hivyo mpaka mzee akanyamaza, akafumba macho, akawa anaitikia kwa kichwa. Prodyuza alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kurekodi bila kumwambia mtu. Ndicho kipande kilichoingia kwenye wimbo, pale chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, linapoanza.

Sasa fedha. Mwanamuziki asitegemee malipo ya kusikilizwa mtandaoni kumtibu mtu. Majukwaa ya muziki hulipa sehemu ndogo sana kwa kila msikilizaji, fedha hupitia kwa msambazaji, na hukufikia baada ya miezi. YouTube, kwa video za kawaida, huwezi kugawiwa fedha za matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Mgonjwa hawezi kusubiri hayo. Kwetu kazi ya wimbo ilikuwa kuita watu, na michango iliingia kwa simu. Tulikata vipande vifupi vya kuweka status, chini kukawa na namba na jina la mpokeaji. Makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa zilipendwa, ya wastaafu, ya waliosoma pamoja, ndiko wimbo ulikosambaa, na michango mingine ilitoka kwa Watanzania walioko Muscat na Uingereza ambao hatujawahi kuwaona.

Namba ilisajiliwa kwa jina la binti wa mzee. Hakuna mwanamuziki aliyegusa fedha. Kila Jumapili binti alituma orodha: kiasi kilichoingia, kilichokwenda hospitali, risiti zimepigwa picha. Nauli na chakula vya siku za studio navyo viliandikwa, hata vocha. Kuna watu waliochangia mara ya pili na ya tatu, na wakatuambia wazi ni kwa sababu ya ile orodha.

Jambo jingine lililotusaidia ni kontrol namba. Hospitali za serikali hutoa namba ya malipo kwa kila bili, na mtu yeyote anaweza kuilipia kwa simu yake popote alipo. Kwa hiyo aliyetaka kugharamia zamu nzima ya mashine alitumiwa kontrol namba ya siku hiyo, analipa mwenyewe, fedha haipiti kwa mtu. Wenye mashaka na michango ya mitandaoni, na siwalaumu, wengi walipendelea njia hii.

Uzinduzi tuliufanya Jumapili alasiri, baada ya kupata kibali cha afisa utamaduni. Kiingilio hakikuwepo. Tuliweka beseni mbele ya jukwaa, watu wakawa wanatunza humo badala ya kuwabandika waimbaji noti usoni, na mwisho zikahesabiwa juu ya jukwaa mbele ya kila mtu. Jioni ile peke yake tulipata milioni 3 na laki 8. Yule mama wa Mbagala alikuwepo, amekaa mstari wa mbele, na wimbo wa mumewe ulipoanza aliinuka akacheza mpaka mwisho.

Muda si mrefu baada ya kupandisha video, kampuni moja ya nje ikadai wimbo ni mali yake na mapato yote yaende kwake. Tulituma nakala ya ile karatasi ya mjane, yenye saini na mhuri wa mtaa, pamoja na maelezo kwamba upigaji wote ni wetu. Dai likaondolewa. Mpiga solo wetu, aliyekuwa hataki tuhangaike na ruhusa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu usiku kunipa habari.

Mzee anaendelea na zamu zake, na wanawe hawajauza kitu kingine. Michango imepungua sasa, jambo la kawaida, hivyo tunaandaa nyimbo nyingine. Mojawapo ni ya bendi ya Tabora, watu wanaiomba kila tunapopiga. Mtunzi alifariki zamani na inasemekana watoto wake wako Kigoma. Tumeshaagiza watu wawili wanaopajua kule waulizie. Mpaka wapatikane, wimbo tunaufanyia mazoezi tu, haturekodi.