Ratiba Yangu Huandikwa na Bahari: Siku Moja ya Mwalimu wa Kiingereza Jambiani

Nilifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari jijini Nairobi kwa miaka 11, kisha nikavuka mpaka na kuhamia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako sasa ninafundisha vipindi viwili tu kwa siku, siku 4 kwa wiki. Siku ninayoisimulia ni Jumatano ya bamvua, yaani wakati ambapo mwezi ni mchanga au mpevu na bahari hupwa hadi karibu na mwamba.

Saa 11:00 alfajiri. Adhana huniamsha ingawa mimi si Mwislamu. Saa kama hii, nilipokuwa Nairobi, nilikuwa nimesimama kituoni nikingoja matatu, nikiwa na mfuko wa madaftari ambayo sikuwahi kuyamaliza kusahihisha. Hapa ninachemsha chai ya mchaichai na kuinywa nikiwa nimeketi.

Saa 1:00 asubuhi. Ninakwenda dukani kununua mkate, safari ya hatua mia mbili ambayo huchukua nusu saa kwa sababu ya maamkizi. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nikisema shikamoo huku nikiendelea kutembea, mpaka bibi mmoja wa jirani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unaniamkia mimi au unaiamkia njia?" Tangu hapo ninasimama.

Saa 3:30 asubuhi. Darasa la kwanza ni la vijana na watu wazima wanaowatembeza wageni kwa mashua. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4:30, na mashua zote hulala mchangani. Hapo ndipo wenyewe wanapopata nafasi ya kusoma. Alasiri maji yakijaa, wao huondoka na wageni, nao wanawake wanaolima mwani, waliokuwa baharini asubuhi, huja darasani. Nilipofika nilibandika ukutani ratiba ya wiki nzima kama nilivyozoea, na katika siku tano za mwanzo nilifundisha viti. Sasa ninatazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa.

Somo la leo ni saa, na limetokana na hasara. Wiki mbili zilizopita nahodha mmoja alipatana na mgeni kwamba wangeondoka saa nane mchana, akalitafsiri neno kwa neno, na mgeni akasikia saa ambayo kwetu ni mbili asubuhi. Akafika mapema, akakuta bahari inatoka na hakuna mtu, akakasirika, akaenda zake kwa mwingine. Sikuwapa kanuni ya kujumlisha au kutoa sita, kwa kuwa mtu aliyesimama mbele ya mteja hana muda wa hesabu. Nilichora uso wa saa ubaoni, nikawaonyesha kwamba saa ya Kiingereza ni ile tarakimu inayoelekeana na ya Kiswahili: nane hutazamana na mbili, kumi hutazamana na nne. Baada ya dakika kumi walikuwa wakirushiana maswali kwa kasi iliyonishinda.

Jambo moja lilinifedhehesha kidogo mwanzoni, nami ninalieleza kwa ajili ya walimu wenzangu wa bara. Wazanzibari hutamka th na dh za Kiswahili kikamilifu tangu utotoni, kwa hiyo tatu ya Kiingereza haiwasumbui hata kidogo. Mimi nilikulia mahali ambapo wengi wetu tukitaka kusema thamani hutoka samani, na nilipokuja hapa ni wanafunzi walionisahihisha.

Saa 5:30 asubuhi. Ninateremka ufukweni. Wanawake wameinama katika maji ya magotini, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi. Kilimo hiki kilianza hapa na katika kijiji jirani cha Paje mwaka 1989. Aina ya mwani mnene ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini haistahimili maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto, na wengi wamebaki na ile nyembamba ya bei ndogo. Wenzangu wa Nairobi huniandikia wakinionea wivu kwa maisha ya polepole. Huwajibu kwamba upole huo ni wangu, na niliununua kwa kukubali kipato kilicho chini ya nusu ya mshahara wa zamani, huku vibali vya kazi na ukaazi vikila akiba yangu. Mwanamke anayebeba kichwani gunia la mwani mbichi linalochuruzika maji hana maisha ya polepole.

Saa 7:30 mchana. Wali, mchuzi wa pweza, na usingizi wa saa moja.

Saa 10:15 alasiri. Swala imekwisha, na wanafunzi wangu wa mwani wanaingia wakiwa wameoga na kubadilisha kanga. Nilidhani wangependa kuanza na maneno ya biashara, kwa kuwa ushirika wao hutengeneza sabuni za mwani na kuwauzia wageni. Sivyo. Sentensi ya kwanza waliyoitaka ilikuwa ile ya kumwambia mtu asiwapige picha kabla ya kuwaomba. Niliwapa sentensi fupi, na yule mkubwa wao kwa umri akaikataa.

"Hii ni amri, mwalimu. Mimi simwamrishi mgeni."

"Lakini yeye ndiye aliyekosa, bibi."

"Akikosa yeye, na mimi nikose?"

Tulitumia karibu kipindi kizima kutafuta namna ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Kiswahili hubeba adabu ndani ya kitenzi chenyewe, ukisema uniombe badala ya niombe, ilhali Kiingereza huirundika adabu mwanzoni mwa sentensi kwa maneno mengi madogo ambayo mtu mwenye haraka huyaacha. Hatimaye walichagua swali badala ya amri: je, ungependa kuniomba ruhusa kwanza? Bibi akalirudia mara sita akitabasamu, tabasamu la mtu ambaye hatopigwa picha.

Saa 12:15 jioni. Tunafunga kabla ya magharibi.

Saa 2:30 usiku. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ninakokotoa saa za kesho na kuwatumia wanafunzi ujumbe: darasa la mashua litaanza saa 4:20. Yule nahodha aliyempoteza mgeni ananijibu kwa Kiingereza kwamba atafika saa kumi na dakika ishirini, na safari hii amepatia.