Nilivyomsaidia jirani yangu kusimama tena baada ya mafuriko

Desemba 2023 Tanzania nzima ilikuwa inaililia Hanang, kule Manyara, na ilistahili. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 yaliondoka na watu wengi. Siku hizohizo huku kwetu Mabatini, jijini Mwanza, Mto Mirongo ulifurika usiku ukaangusha nyumba ya jirani yangu. Nyumba moja ya tofali za udongo si habari ya redioni. Ana watoto watatu, mapacha na mdogo wao, anawalea peke yake. Mtaani tunamwita Mama Mapacha.

Shauri lililoniudhi kuliko yote ni hili: "Mpeleke kwao Ukerewe akapumzike." Akale nini huko? Riziki yake iko kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ananunua dagaa, anakaanga, anauza. Ukimtoa mjini umemfilisi mara ya pili.

Wakahamia kwangu, kwenye chumba changu cha kushonea. Cha kwanza nilichoshughulikia ni karatasi. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vimegandana kama chapati zilizolala. Mama Mapacha alitaka kuvibandua kwa kucha, nikamshika mkono. Niliviweka kivulini juu ya gazeti, gazeti likilowa nabadilisha, mpaka vikaanza kuachana vyenyewe. Hapo nikafunika kwa kitambaa cha pamba, nikapitisha pasi ya mkaa iliyokwisha kupoa kidogo. Siku mbili nzima. Cheti kimoja tu ndicho kilichotupeleka RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Usiianike karatasi juani, inajikunja na kupasuka.

Kosa langu kubwa lilikuwa mtaji. Karibu na Krismasi nilimpa kama laki moja, nikamwambia, "Dada, kesho nenda Mwaloni." Aliniangalia, akapokea, akaenda. Hakutaka kunivunja moyo. Kumbe mbalamwezi ilikuwa inakaribia kukamilika! Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka hawafuati taa, wanaoingia ni wachache na bei inaruka. Alinunua kidogo kwa bei kubwa, mafuta ya kukaangia yakala faida, na kilichobaki kikaishia kwenye unga wa watoto. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, akasema, "Dada, mtu akikupa huwezi kumpangia siku." Nililia. Tangu siku hiyo nikawa nauliza kwanza. Januari, giza lilipoingia, yeye ndiye aliyesema sasa. Nikampa nusu ya zile za mwanzo, na zikazaa.

Upande wa nyumba nilipata ujanja ninaojivunia mpaka leo. Ukiomba mchango, watu wanasema "nitaangalia," na ndiyo mwisho. Nikachukua daftari la wateja, nikaandika vitu badala ya hela: bati moja, bati la pili, mlango, kilo mbili za misumari, siku moja ya fundi. Nikapita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa mtaa, kila mtu akichagua chake na kuandika jina kwa mkono wake. Ukishaandika "bati la tano," bati la tano ni lako, na mvua ikinyesha unalikumbuka. Muuza chipsi wa kona alichukua mlango. Mzee mmoja asiye na kitu alichukua siku mbili za kuchimba msingi, akazifanya tatu.

Fundi alitaka kurudishia tofali zilezile za udongo kuanzia chini, eti ni nafuu. Nilikataa. Mwanza hii tunaishi juu ya mawe, halafu mtu ajenge bondeni kwa tope? Lori la mawe lilikuwa laki na kitu, tukapandisha msingi mpaka magotini, udongo ukaanzia hapo. Choo tukakisogeza upande wa juu.

Shule zilipofunguliwa mapacha walienda na sare nilizowashonea kutokana na vipande vya wateja, ukiangalia kwa karibu mishono inaonekana. Wao walikuwa wakiwaonyesha wenzao.

Aprili, masika, Mirongo ukapanda tena. Saa nane usiku simu ikaita, nikatoka mbio na tochi. Mama Mapacha alikuwa mlangoni kwake, watoto wamelala ndani, ananionyesha kwa kidole: maji yalikuwa kwenye jiwe la pili, na hayakupanda zaidi.